Kompresa Iliyokatazwa

Kazi ya mafundi wa klima mjini Lubumbashi huandaliwa na baridi ya Juni. Kuanzia Mei hadi Agosti, juu ya uwanda huu ulio kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, watu hutoka asubuhi wamevaa makoti, na hakuna dereva anayekumbuka kwamba gari lake lina kitufe chenye alama ya theluji. Miezi hiyo yote kompresa hukaa bure. Mafuta yaliyokuwa yakilowesha sili ya mhimili wake, pale mhimili unapotokeza mbele, hushuka chini, mpira hukauka, gesi hutoroka kidogo kidogo bila mtu kujua. Septemba ikifika, mijakaranda ikichanua na vumbi jekundu likiwa bado halijapata mvua ya kulilaza, madirisha hupandishwa, kitufe hubonyezwa, na kinachotoka ni upepo wa moto wenye harufu ya mwaka jana.

Hapo ndipo magari huanza kupangana chini ya mparachichi mmoja katika mtaa wa Golf.

Golf ni mtaa wa kuta ndefu na mageti, wa nyumba za watu wa migodi, wafanyabiashara na mashirika, na nyuma ya kuta hizo mna magari ya namna mbili. Yapo makubwa mapya ya kampuni, na yapo yale yaliyokwisha kutumika Japan, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, yakapita Tunduma, yakaikata Zambia na kuingilia mpaka wa Kasumbalesa, usukani ukiwa kulia katika nchi ambayo nayo huendesha upande wa kulia wa barabara. Fundi wa mparachichi hupokea yote. Hana kibao barabarani. Ana benchi, sanduku la vyuma, mtungi wa gesi anaoufunika kwa gunia lililoloweshwa maji ili jua lisiupige, na vijana wawili wanaojifunza kazi. Wateja humwita Papa, hata wale waliomzidi umri.

Mteja akisema klima haileti baridi, fundi hajibu. Humwomba awashe injini, afungulie feni ya ndani, abonyeze kitufe. Yeye mwenyewe huinama juu ya injini na kutega sikio. Anangoja sauti moja tu: tak. Ikija, injini hulemewa kidogo, mngurumo hushuka nusu sekunde kisha hujirekebisha, na fundi anajua kwamba ugonjwa uko kwingine. Isipokuja, hunyoosha mgongo, akafuta mikono ingawa hajagusa kitu, na kazi ninayotaka kuisifu hapa inaanza.

Kwanza ile sauti yenyewe. Puli ya kompresa huzungushwa na mkanda muda wote injini inapokuwa hai, klima iwe imewashwa au la. Inazunguka bure juu ya beringi yake, haijashikana na chochote. Mbele yake kuna sahani ya chuma iliyofungwa kwenye mhimili wa kompresa, na kati ya sahani na uso wa puli kuna nafasi ambayo kwa kompresa nyingi ni milimita 0.3 hadi 0.6. Nyuma ya puli imekaa koili ya waya wa shaba, isiyozunguka. Umeme wa volti 12 ukipita ndani ya koili, puli inageuka sumaku, sahani inavutwa, inaugonga uso wa puli, na tangu hapo mhimili unazunguka nayo. Umeme ukikatwa, springi zinairudisha sahani nyuma. Kampuni ya Packard ya Detroit, iliyotangulia kuuza magari yenye kiyoyozi cha kiwandani, haikuwa na klachi hii katika magari yake ya mwaka 1940. Aliyetaka kukizima kabisa ilimpasa azime injini, afungue boneti na autoe mkanda kwa mkono. Klachi ya sumaku ilienea miaka ya 1950, na dereva akapata kuamuru kwa kidole.

Mimi huiona shaba ya koili hiyo kuwa utani wa jiji hili. Lubumbashi iliundwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, tanuri la kampuni ya Union Minière likamwaga shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na hadi leo malori hutoka Kasumbalesa yamebeba mabamba ya shaba huku kwa barabara ile ile yakiingia magari yenye shaba imevingirishwa nyuma ya puli. Koili ikiungua fundi haitupi. Huiwekea kando watu wa mitrai, wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao bei ya shaba wanaijua kabla ya gazeti.

Sahani isipovutwa, mitaani kuna dawa moja: tia gazi. Wenye dawa hiyo si wajinga. Upungufu wa gesi kweli ndiyo sababu inayoongoza, na aliyebahatisha mara nyingi atapatia. Lakini yule wa mparachichi amekataa kazi ya kubahatisha, na kukataa kwake kumesimama juu ya wazo moja ambalo amewapa vijana wake na ambalo mimi nimeliiba: kompresa isiyoshika mara nyingi haijaharibika. Imekatazwa.

Umeme wa koili hauendi moja kwa moja kutoka kwenye kitufe. Unasafiri kama lori linalovuka Kasumbalesa: kila ofisi ina muhuri wake, na ofisi moja ikikataa lori halisogei, hata kama nyingine zote zimekubali. Swichi ya presha iliyopachikwa kwenye bomba ina haki ya kukataa. Katika magari mengi ya Kijapani hukata presha ikishuka chini ya bari 2 hivi, kwa sababu gesi ndiyo inayoyabeba mafuta ya kompresa, na kompresa inayozunguka bila gesi inajisaga yenyewe. Hukata tena presha ikipanda kupita bari 31, pale kondensa ilipozibwa na vumbi au feni ya mbele ilipokufa. Sensa ndogo iliyochomekwa kwenye mapezi ya evapureta, ndani ya dashibodi, ina haki yake: joto likikaribia sifuri inasimamisha kila kitu ili barafu isizibe njia ya hewa. Kompyuta ya injini inakataa injini ikichemka, au dereva akikanyaga hadi mwisho kulipita lori. Halafu kuna fyuzi, kuna rilei, kuna waya.

Kwa hiyo swali la fundi lina sehemu mbili. Nani amekataa? Na je, ana haki?

Sehemu hii ya pili ndiyo inayomtenga na wenzake. Sensa ya evapureta, kwa mfano, hupandisha ukinzani wake kadiri baridi inavyoongezeka. Waya wake ukikatika, ukinzani unakuwa hauna mwisho, na kompyuta husoma baridi kali kupita kiasi. Gari limeshinda juani mwezi wa Oktoba, usukani haushikiki, na ndani ya dashibodi kuna barafu ya uongo inayozuia klima isiwake. Hapo aliyekataa hana haki, na utajaza gesi hadi kesho bila kumshawishi. Lakini swichi ya presha ikikataa kwa sababu gesi imekwisha, inafanya kazi yake, na anayeiruka kwa kipande cha waya anamnyamazisha anayesema kweli.

Vipande hivyo vya waya vipo vingi. Fundi huvikuta chini ya dashibodi na kando ya betri, vimefungwa kwa utepe mweusi: umeme umetolewa betri, ukapitishwa swichi ya taa za ziada, ukapelekwa koili bila kumuuliza mtu. Mjini wanaita kupiga direkti. Siku hiyo mteja huondoka akicheka, baridi tele. Baada ya miezi gesi inapungua, hakuna wa kusema basi, kompresa inasagika na kutema vumbi la chuma katika mabomba yote, na kazi iliyokuwa ya rilei inakuwa ya kununua mfumo mzima. Fundi akikuta waya wa namna hiyo huutoa kabla ya kupima chochote kingine, hata kama gari limekuja kwa shida tofauti, na hapo ndipo nimemwona akigombana na wateja. Mwenye gari huona kitu kilichokuwa kikifanya kazi kinaharibiwa mbele ya macho yake.

Upimaji wa gesi huchukua muda mfupi kuliko watu wanavyodhani. Gari likiwa limezimwa na limekaa kivulini, fundi huunga manometa zake mbili na kusoma. Kwa nyuzi 25, gesi ya R134a iliyo safi husoma karibu bari 5.8 hapa juu. Ikisoma sifuri, swichi imekataa kwa haki na kinachotafutwa ni tundu. Ikisoma 5.8, gesi ipo ya kutosha kumridhisha mlinzi, ingawa kipimo hicho hakisemi ni kiasi gani: maadamu ndani kuna tone la kimiminika, presha hufuata joto tu, na mfumo uliojaa na ule uliobaki nusu husoma sawasawa. Ndiyo maana fundi hakubali kusikia kwamba presha ni nzuri hivyo gesi imetosha. Ikisoma juu zaidi ya joto la siku ile linavyoruhusu, ndani mna hewa, au mna gesi isiyo yake. Jambo hili si dogo. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka bandarini na kuua watu watatu nchini Vietnam na Brazil, baada ya kujazwa gesi bandia yenye kemikali ambayo, ikikutana na aluminiamu, huzaa kitu kinachowaka kikigusa hewa. Mtungi mpya ukiletwa chini ya mparachichi, fundi huuacha kivulini mpaka upoe sawa na hewa, akapima presha yake na kuilinganisha na jedwali lililobandikwa kwa gundi ndani ya kifuniko cha sanduku. Muuzaji amesimama, anangoja pesa zake. Atangoja.

Na tundu lenyewe hulitafuta kwa vumbi. Gesi inapovuja hutoka na mafuta, mafuta hukamata vumbi, na vumbi la Lubumbashi lina rangi isiyojificha. Kabla ya povu la sabuni, macho yake hupita kwenye kila ungio la bomba na kwenye pua ya kompresa akitafuta doa jekundu lenye unyevu. Barabara ya udongo imemfanyia nusu ya kazi.

Sitadai kwamba kila gesi inayotoka pale inakamatwa. Mashine ya kuivuna hana. R134a, iliyochukua nafasi ya R12 miaka ya 1990 baada ya Itifaki ya Montreal ya 1987, haitoboi tabaka la ozoni, lakini kilo moja yake huipasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja ya kilo moja ya hewa ya ukaa, na makubaliano ya kuipunguza yalifikiwa Kigali, jirani kabisa, Oktoba 2016. Anayeziba tundu kabla ya kujaza, badala ya kumwongezea mteja gesi kila Septemba, anafanya sehemu yake kwa njia anayoweza.

Gesi ikiwa sawa, zamu ni ya umeme. Fyuzi hutolewa na kutazamwa. Rilei ya klima hubadilishana nafasi na ya honi ikiwa zinafanana: kompresa ikishika na honi ikanyamaza, kesi imekwisha. Kijana mmojawapo huipenda sana hatua hii kwa sababu inampa ruhusa ya kupiga honi ya gari la tajiri. Kisha plagi ya koili huchomolewa na koili kupimwa ukinzani. Yenye afya husoma omu 3 hadi 5, ambazo kwa volti 12 ni ampea 2.4 hadi 4. Ikisoma wazi imekatika. Katika kompresa nyingine mna fyuzi ndogo ya joto iliyofichwa ndani ya koili yenyewe, hukatika kompresa ikipata moto kupita kiasi, wala hairudi.

Hapa nilijifunza kudharau kidogo mita ya kidijitali. Fundi anayo, na ni nzuri, lakini waya ukiwa umeliwa na kutu hadi umebaki uzi mmoja, mita itasoma volti 12 kamili, kwa sababu mita yenyewe haichoti umeme wa kusemwa. Uzi mmoja unatosha kuionyesha mita volti. Hautoshi kupitisha ampea 3. Fundi ametengeneza taa ya kupimia kwa balbu ya indiketa ya wati 21, soketi yake na nyaya mbili. Akiichomeka mahali pa koili, waya mgonjwa hujisaliti: balbu inatoa wekundu hafifu, au haiwaki kabisa, na mita ikiunganishwa kando yake inaporomoka kutoka 12 hadi 4. Halafu anafuata waya kwa vidole hadi mahali mtu alipouunga zamani bila kulehemu. Balbu hiyo haigusishwi kamwe waya wa kompyuta. Kwa nyaya hizo hutumia mita, na kijana atakayekosea anatumwa kuchota maji.

Kesi iliyonifanya niandike haya, hata hivyo, haikuwa na waya mbovu wala tundu. Mama mmoja wa Golf Météo alileta gari la usukani wa kulia lililokuwa limezunguka kwa mafundi kadhaa. Mmoja alitia gesi. Mwingine alibadilisha rilei. Wa tatu alitaka kuuza kompresa nyingine.

"Asubui inashika muzuri, Papa," mama alisema. "Saa ya midi inakatala."

Ilikuwa asubuhi. Fundi aliliwasha gari, akabonyeza, tak ikaja bila kusita, baridi ikatoka. Alizima, akafunga boneti.

"Basi tutangojea midi, Mama. Mu kitu kizima nitatafuta nini?"

Nimekaa na mafundi wengi, na wachache wanaweza kulitamka neno hilo na kulitii. Mteja amesimama, pesa zipo, sehemu ya kubadilisha inaonekana. Gari liliwekwa juani, injini ikaachwa iungurume, klima imewashwa. Fundi alirudi kwenye kazi nyingine, lakini sikio lilibaki kule. Vijana walikula. Mama aliketi kwenye benchi akapiga simu zake zote. Joto lilipanda, feni ya mbele ikawaka na kuzima, kompresa ikashika na kuachia kama desturi, kisha, adhuhuri imepita, ikaachia na haikushika tena.

Fundi hakukimbia. Alijua sasa gari linaumwa, na litaendelea kuumwa maadamu lina moto. Manometa: presha nzuri kwa joto lile. Taa ya kupimia kwenye plagi ya koili: nyeupe, kali. Aliirudisha plagi na kupima tena umeme ukifanya kazi: volti 13 na kitu. Mihuri yote imepigwa. Hakuna aliyekataa. Umeme umefika koili, koili inaupokea, na sahani imesimama mbele ya puli inayozunguka, haisogei.

Alichukua nyundo, akaushika mpini wake wa mti kwa umbali, akawaambia vijana wakae nyuma, na kwa ncha ya mpini akaisukuma sahani kidogo sana. Tak. Baridi ikatoka.

Mama alipiga makofi. Fundi alizima injini.

Maelezo yake kwa vijana yalikuwa mafupi kuliko haya yangu. Kila sahani inaposhika, husuguana na puli kitambo kidogo, na chuma kinapungua. Baada ya miaka nafasi ya nusu milimita inakaribia milimita moja. Sumaku inavuta kwa nguvu kubwa karibu na kwa unyonge mbali. Nafasi ikiongezeka kidogo, mvuto hupungua sana. Asubuhi, shaba ya koili ikiwa na nyuzi 20, umeme unapita vya kutosha, na sahani iliyochoka bado inafikiwa. Mchana, kando ya injini, shaba inafika nyuzi 100. Ukinzani wa shaba huongezeka karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo kwa nyuzi 80 umepanda kwa zaidi ya robo, ampea zimeshuka takriban robo, na kwa kuwa mvuto hufuata mraba wa ampea, koili imebaki na asilimia 60 hivi ya nguvu zake za asubuhi. Ikishashika kukiwa na baridi, sahani imegusana na puli na hata nguvu ndogo inaizuia isitoke. Ni kule kushika upya, kwenye moto, kunakoishinda. Mafundi waliotangulia walipima asubuhi, wakakuta kila kitu kizima, wakabadilisha walichokuwa nacho.

Injini ilipopoa fundi alipima nafasi kwa vibapa vyembamba vya chuma, akiviingiza kimoja baada ya kingine pande tatu za sahani, maana sahani iliyopinda husoma tofauti kila upande. Milimita 0.9. Alifungua boliti moja ya katikati, akaivuta sahani kwa mikono, na kutoka shimoni akatoa pete nyembamba za chuma, rondeli, ambazo kiwanda huziweka kurekebisha nafasi hiyo. Alizipanga kwenye kiganja. Akachagua moja ya milimita 0.5, akaiweka kando, akazirudisha nyingine, akafunga. Alipima tena: 0.4, pande zote tatu. Injini iliwashwa na kuachwa juani mpaka jioni, na haikukataa.

Sehemu zilizonunuliwa: hakuna. Kilichofanyika ni kutoa kipande cha chuma. Na hapa ndipo ufundi huu unapodhulumiwa, kwa maoni yangu, na kila mtu, mimi nikiwemo ninapokuwa mteja. Anayekuuzia kompresa ya dola mia kadhaa unamlipa bila kuuliza, kwa kuwa umeishika mkononi ikiwa ndani ya boksi. Anayetoa rondeli moja baada ya kungoja nusu siku, unamuuliza kwa nini amekutoza. Mama wa Golf Météo alilipa vizuri, lakini ni kwa sababu alikuwa amekwisha kulipa vibaya mahali pengine. Fundi huziweka rondeli alizotoa katika kopo la maziwa ya unga. Mara moja moja kompresa iliyofungwa vibaya huhitaji kurudishiwa moja.

Kuhusu ombwe nitasema kidogo, kwa vile ni jambo ambalo vitabu vya kigeni huwapoteza mafundi wa nyanda za juu. Mfumo uliofunguliwa lazima unyonywe hewa na unyevu kabla ya kujazwa. Majedwali yaliyoandikwa kwa watu wa pwani husema manometa ishuke hadi karibu bari moja chini ya sifuri. Hapa, ambapo hewa yenyewe ina uzito wa bari 0.88 hivi, sindano haiwezi kushuka zaidi ya hapo hata pampu ikiwa mpya. Fundi asiyelijua hilo atailaumu pampu, atanunua nyingine, na hiyo nayo itasoma vilevile. Huyu wa mparachichi amechora alama kwa kalamu nyekundu kwenye kioo cha manometa, mahali pa Lubumbashi. Sindano ikifika kwenye alama huiacha pampu iendelee, maji yaliyojificha katika mafuta yachemke na kutoka, kisha hufunga vali na kutazama kama sindano itapanda. Kopo la mafuta ya kompresa hafungui mpaka dakika ya kuyatumia, kwani mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na hakuna siku amekubali kununua yaliyomiminwa katika chupa ya soda.

Mmoja wa vijana wake amepita INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964, na ndiye anayejua kuandika hesabu za omu na ampea ukutani kwa chokaa. Mwingine hajasoma umeme popote, lakini ana sikio. Fundi humpa wa kwanza magari ya wa pili, na wa pili magari ya wa kwanza.

Msimu uliopita liliingia gari jipya kabisa la kampuni, dereva akiwa na karatasi iliyoandikwa kwamba kompresa haishiki. Kijana mwenye sikio aliinama, akasikiliza, akasema kweli haishiki. Fundi alimulika tochi kwenye puli, akamwita amwonyeshe: hakukuwa na sahani, hakukuwa na nafasi, hakukuwa na koili. Kompresa za namna hii hazina klachi. Mhimili huzunguka na mkanda wakati wote, na baridi hupangwa ndani, kwa vali ya umeme inayobadilisha ulalo wa bamba linalosukuma pistoni, kutoka karibu sifuri hadi mwisho. Tak haitakuja kamwe, hata gari likiwa zima. Vali hiyo huamriwa na kompyuta kwa umeme unaokatwa na kurudishwa mara nyingi kwa sekunde, kitu ambacho balbu ya wati 21 haina la kusema juu yake.

Fundi alishika mabomba mawili, nene kwa mkono wa kushoto na jembamba kwa wa kulia, akayasikiliza kwa viganja. Yote mawili yalikuwa na joto moja. Alimwambia dereva kwamba ama vali haiamriwi, ama inaamriwa na haitii, na kwamba leo hatajua ni lipi. Kisha alimpigia simu mwenzake wa Kenya, komini ya hapa mjini na si nchi, mwenye skana ya magari ya aina ile. Walibishana kwa dakika nyingi kuhusu umeme unaotakiwa kusomeka pale gari likiwa halijatembea, mmoja akisema nusu ampea, mwingine akisema hiyo ni nyingi mno, na walikubaliana kwamba skana iletwe kesho, baada ya saa sita, gari likiwa na moto.